Mrija Aliotiwa Kaka Yetu

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Herndon, Virginia

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, shangazi na wajomba, ndugu zangu, na watoto wetu mliotoka Tanga, Muscat, London na Toronto:

Mliniomba nizungumze juu ya afya. Nami nimechagua jambo ambalo tangu msiba wa kaka yetu mkubwa tumelinong'ona pembeni, wala hatujalisema hadharani. Wako miongoni mwetu wanaoamini kwamba mrija aliotiwa hospitalini ndio uliomwua, na lawama zimemwangukia mwanawe aliyetia saini. Nilianza utumishi katika masjala huko Tanga, nikaumalizia katika ofisi ya serikali hapa Virginia. Najua kwamba jalada lisilosomwa hadi mwisho huleta hukumu mbaya. Naomba leo tulisome hili.

Ini hutengeneza nyongo, nayo hupita katika mfereji mwembamba hadi kwenye utumbo mdogo, ikasaidie kuyeyusha mafuta ya chakula. Karibu na mwisho wake mfereji huo hupita katika kichwa cha kongosho. Saratani ikiota hapo, huubana. Nyongo ikikosa njia hurudi na kuingia katika damu: macho huwa manjano, mkojo huwa kama chai ya rangi, choo hupauka, na ngozi huwasha usiku kucha. Kaka alikuwa na dalili hizo zote. Sisi tukasema ni malaria, kisha tukasema ni homa ya ini, kisha tukatafuta mizizi. Miezi miwili ikapita.

Zamani njia ya kumpa nafuu mgonjwa wa namna hiyo ilikuwa kumpasua tumbo na kuichimbia nyongo njia nyingine. Mwaka 1968 madaktari wa Chuo Kikuu cha George Washington, jirani zetu hapa mjini Washington, walieleza jinsi walivyoufikia mdomo wa mfereji wa nyongo kwa darubini iliyopitishwa kinywani. Mwaka 1979, huko Hamburg, Dk. Nib Soehendra, mzaliwa wa Indonesia aliyehamia ugenini kama sisi, alieleza jinsi ya kupitisha mrija wa plastiki kwa njia hiyo hiyo hadi ndani ya mfereji ulioziba.

Mrija huo huitwa stenti. Ule wa plastiki una unene wa milimita 3 hivi, na aghalabu huziba baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo, kwa vijidudu na tope la nyongo. Kwa hiyo lazima ubadilishwe. Ule wa wavu wa madini hujitanua hadi milimita 8 au 10 na hukaa wazi muda mrefu zaidi, ila bei yake ni kubwa. Kuuweka kuna hatari zake pia: kongosho laweza kuvimba, damu yaweza kutoka. Na hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili unaotibu saratani. Kazi yake ni kufungua njia, ili mgonjwa alale, ale, na akijaliwa aweze kustahimili dawa za saratani.

Kaka alitiwa ule wa plastiki. Baada ya wiki chache macho yakaanza kuwa meupe, mwasho ukaisha. Alikula wali wa nazi, akahudhuria harusi ya mjukuu wake akiwa amesimama kwa miguu yake. Mimi, kutoka hapa Herndon, niliwapigia simu wengi wenu nikisema, "Amepona." Hakuna daktari aliyesema hivyo. Ni mimi.

Mwezi wa nne akashikwa na homa na kutetemeka. Mwanawe akanipigia simu, akitaka kumrudisha hospitali usiku ule. Nikamwambia, kwa sauti ya mkubwa, ampe kwanza dawa ya malaria. Alinitii siku mbili. Mrija ulikuwa umeziba, na uchafu wa nyongo umeingia katika damu. Waliubadilisha, lakini nguvu hazikurudi. Wiki tatu baadaye tukamzika.

Ndugu zangu, kijana yule kwa saini yake alimpa baba yake miezi mitatu ya raha. Siku mbili zilizopotea nilizipoteza mimi. Mwanangu, uko humu ukumbini. Mbele ya wazee hawa nakuomba radhi.

Wengine nawaachia haya. Macho yakigeuka manjano, msingoje. Mgonjwa akitiwa mrija, ulizeni ni wa namna gani na utabadilishwa lini, mwandike tarehe hiyo. Akipata homa au mtetemeko, au umanjano ukirudi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na sisi tulio ng'ambo tutume fedha upesi, lakini tumsikilize aliye kitandani pa mgonjwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yetu.