Mshahara ni Deni, si Sadaka



Wasikilizaji wapenzi, katika somo lililotangulia tulieleza amri ya saba ya Mungu, ile inayotukataza kuiba. Tuliwataja wezi wa mbuzi, wezi wa usiku, na wale wanaopunguza vipimo sokoni. Leo yatupasa kumtaja mwizi mwingine. Huyu hatembei gizani wala havunji mlango. Yeye huiba mchana, kwa kalamu. Tena hatutaanza na habari za watu wengine, bali na habari zetu wenyewe.

Tulipokuwa vijana, kabla ya kuingia katika shule ya makatekista, tulipewa kazi ya karani mahali palipojengwa nyumba kubwa. Kila asubuhi wanaume walikusanyika mlangoni, nasi tuliandika katika daftari majina ya wale waliohitajiwa siku ile. Jioni walilipwa, wakaenda zao. Mwenye kazi alitupa agizo moja: mtu akitimiza siku 21 asiandikwe tena, mpaka miezi miwili iishe. Hatukuuliza sababu. Tulidhani ni wema, ili kazi igawanywe kwa watu wengi.

Palikuwa na baba mmoja, mbebaji wa mawe, mtu mpole na mwenye bidii kuliko wote. Asubuhi ya siku yake ya 22 alikuja na sepeto yake begani na muhogo wake katika jani. Tukamwambia: «Leo hakuna nafasi.» Alituambia kwamba mtoto wake amerudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya minervali. Tukarudia neno lile lile. Basi akaketi ng'ambo ya barabara mpaka saa sita, akitumaini kwamba pengine mmoja wa wenzake ataugua naye aitwe badala yake. Hakuna aliyeugua.

Miaka ikapita. Katika shule ya makatekista, mwalimu alitufundisha sheria za nchi yetu juu ya kazi, na hapo ndipo tulipojua maana ya zile siku 21. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema hivi: mfanyakazi wa siku kwa siku akiisha kutimiza siku 22 za kazi katika muda wa miezi miwili, kisha akaandikwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mapatano yake mapya yahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Tangu hapo yeye si mtu wa kuokotwa mlangoni. Hawezi kuondolewa pasipo sababu ya haki; na asipokuwa amefanya kosa zito, yapasa apewe kwanza taarifa ya siku 14 za kazi au zaidi. Ana haki ya likizo ya kila mwaka. Basi yule baba alikuwa amefika mbele ya mlango wa sheria, nasi ndio tuliomfungia.

Wakristu wapenzi, labda mtauliza: Je, hiyo ni dhambi, maana alilipwa siku zake zote? Sikilizeni. Kanisa lafundisha kwamba ziko dhambi nne zinazolia mbele ya Mungu, na mojawapo ni kumnyima mfanyakazi mshahara wake. Torati ya Musa iliamuru kwamba kibarua alipwe kabla ya jua kutua, kwa kuwa yeye ni maskini na moyo wake wautazamia ujira huo. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba mshahara waliouzuia wapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Naye Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba haitoshi kusema: «Tulipatana naye, akakubali.» Mtu mwenye njaa hukubali lolote. Ikiwa amekubali kwa kushurutishwa na umaskini, mapatano hayo yamemdhulumu. Basi, kumzungusha maskini ili asiifikie haki yake ni kumwibia, hata kama kila jioni amepewa franka zake.

Ni kweli kwamba si kila sheria ni njema. Wazee wetu walijua sheria zilizokuwa fimbo. Amri ya wakoloni ya mwaka 1922 ilimtia gerezani mfanyakazi mweusi aliyeacha kazi kabla ya muda wa mapatano. Mwezi wa Desemba 1941, kule Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Askari waliwapiga risasi uwanjani, na msemaji wao Léonard Mpoyi akauawa pamoja na wenzake wengi. Ni mwaka 1946 tu Wakongomani waliporuhusiwa kuunda sendika. Kwa hiyo sheria tulizo nazo leo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zililipiwa kwa machozi na kwa damu. Sheria ya haki ni boma linalomkinga mnyonge asimezwe na mwenye nguvu. Walakini boma lisilo na mlinzi hubomolewa usiku mmoja.

Mlinzi ni nani? Ni wewe na mimi. Ee mfanyakazi, fanya kazi yako kwa uaminifu, wala usiibe saa wala chombo cha mwenye kazi. Lakini zihesabu siku zako na kuziandika. Ujue kwamba sheria imeweka mwisho wa saa 45 za kazi kwa juma, pamoja na pumziko la kila juma. Na kwamba mama anayejifungua ana haki ya likizo ya majuma 14. Hata kama huna karatasi ya mapatano, waweza kuwaleta mashahidi. Ukidhulumiwa, usichome nyumba wala usitukane. Nenda kwa mkaguzi wa kazi, naye atajaribu kwanza kuwapatanisha. Ikishindikana, ziko baraza za hukumu za kazi. Tena usiende peke yako, maana sauti ya mmoja ni rahisi kunyamazishwa.

Nawe mwenye kazi, usifikiri kwamba twasema na matajiri tu. Wewe unayemweka binti jikoni mwako, wewe unayemtuma kijana kubeba gunia, wewe unayewaita watu kulima shamba lako, wewe ndiwe mwenye kazi. Usimpe mshahara kama anayetoa sadaka, ukingoja kushukuriwa. Mlipe kama mtu anayelipa deni.

Tena amri ya saba haituruhusu kutubu kwa midomo tu, yatupasa kurudisha. Sisi tulimtafuta yule baba, tukampata amezeeka, tukamweleza yote na kumwomba radhi. Hakutukemea. Alituuliza neno moja tu: «Mwalimu, siku ile sheria hiyo ilikuwapo?» Tukajibu: «Ilikuwapo, baba.» Akanyamaza muda mrefu. Tukamtolea sehemu ya mali yetu, naye akaipokea. Walakini ile miaka hatuwezi kumrudishia. Ndiyo sababu twalifundisha somo hili, ili asiwepo mwingine wa kuuliza swali lile akiwa na mvi.

Maswali ya kukumbuka

Mshahara ni nini? Ni deni ambalo mwenye kazi amlipa mfanyakazi kwa haki, wala si sadaka.

Je, mapatano yatosha kuufanya mshahara uwe wa haki? Hapana. Yapasa pia utoshe kumlisha mfanyakazi mwaminifu, wala umaskini wake usitumiwe kumdhulumu.

Aliyemdhulumu mfanyakazi afanye nini? Atubu, aungame, na kurudisha kadiri awezavyo.

Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pio XII alimwekea mwaka 1955 sikukuu ya tarehe 1 Mei kama msimamizi wa wafanyakazi, awaombee wote watakaosimama kesho asubuhi mlangoni wakingoja kuitwa. Mungu awabariki. Amina.