HOTUBA JUU YA WALINZI WA UBONGO WA MTOTO



Masheikh waheshimiwa, wazee wangu, mabwana na mabibi wa Kinama,

Nimeombwa niseme habari ya malezi, nami nimechagua kusema habari ya ubongo, kwani ndimo malezi yote yanamoingia.

Mtoto katika miaka yake ya mwanzo huwa na maungio ya ubongo mengi kupita ya mtu mzima. Ni kama mgomba utoavyo machipukizi mengi. Mkulima asipoyapunguza, hapati ndizi nzuri. Ni nani basi apunguzaye ubongoni?

Mwaka 1919 tabibu wa Hispania, Pío del Río Hortega, alizibainisha chembe ndogo zenye matawi ziitwazo maikroglia. Asili yake si ubongoni. Hutoka katika kifuko kilichoambatana na mimba changa, zikahamia kichwani mapema mno. Kwa miaka mingi zilidhaniwa kuwa askari tu, wauao vijidudu na kuzoa taka. Hata mnamo 2011 na 2012, wataalamu wa Italia na wa Boston, Marekani, waliochungua ubongo wa panya wachanga, waliona kwamba askari hao humeza maungio pia. Yale yasiyotumika sana ndiyo huliwa. Yenye kazi huachwa. Na baadhi hutiwa alama kwa protini zile zile ambazo mwili hutumia kuwatambulisha adui.

Mlinzi na mkulima, kumbe, ni mtu mmoja! Sasa fikirini malaria iingiapo. Vijidudu huziba mishipa midogo ya damu ya ubongo, walinzi huamka kwa ghadhabu, na shamba bado li katika kupaliliwa. Sisemi kwamba walinzi peke yao ndio waletao madhara. Kuziba kwa damu na kupungua kwa sukari mwilini vina sehemu yake, tena kubwa. Lakini madhara yenyewe yamepimwa karibu nasi. Huko Mulago, Kampala, watoto waliopona malaria ya ubongo walitahiniwa baada ya miaka miwili, na habari zao zikachapishwa mwaka 2008: kama mmoja katika kila wanne alikuwa amepungukiwa katika kufahamu, kukumbuka au kuzingatia. Homa ilikwisha kwenda zake. Darasani ndiko hasara ilikoonekana.

Nasi twaliita jambo hili degedege, na wako wadhanio kuwa ni ndege wa usiku aliyempitia mtoto. Huletwa kwetu masheikh tumwandikie kombe. Kumwombea mgonjwa sikukatai, ila dua yaweza kusomwa njiani. Mtoto akishikwa, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, wala msingoje alfajiri; mpelekeni kituo cha afya saa ile ile. Malipo ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano yaliondolewa na serikali yetu mwaka 2006, basi asizuiwe mama kwa hesabu ya fedha. Mkisha kutoka kwa daktari, njoni kwangu. Mlango mtaukuta wazi, hata iwe usiku wa manane.