Gesi ya Kupikia: Wajibu Si wa Mama Peke Yake

  Leo tutazungumza juu ya gesi ya kupikia.

Mtungi wa kilo 6 sasa umo katika vyumba vingi vya kupanga. Mtoto akiungua, lawama humwangukia mama. Lakini kuna watu watatu wengine wenye wajibu.

Wa kwanza ni muuzaji. Kanuni za gesi za mwaka 2019 zinamtaka awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Mtungi nao hujazwa na mwenye chapa yake au aliyeruhusiwa naye. Basi uliza leseni, wala usiogope. Hakikisha mdomo wa mtungi una sili. Mtungi wenye kutu au uliobonyea, ukatae. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, mahali ambapo EPRA ilisema ilikuwa imekataa kutoa kibali. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengi wao wakaazi wa hapo jirani.

Wa pili ni fundi anayekufungia mtungi. Asiondoke kabla ya kupaka povu la sabuni kwenye maungio, nawe ukiona. Mapovu yakizidi kufura, gesi inavuja. Asijaribu kamwe kwa kiberiti.

Wa tatu ni mwenye nyumba. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inamkataza kuacha jengo lake katika hali ya kuhatarisha afya. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, palepale mtoto anapolala mkekani. Kwa hiyo dirisha la juu pekee halitoshi. Panahitajika pia tundu la hewa chini. Mwombeni mwenye nyumba, wapangaji wote kwa pamoja. Akikataa, nendeni kwa afisa wa afya ya umma. Sheria inaruhusu mwenye nyumba apewe notisi ya kuondoa hatari hiyo.

Nawe mama, simamisha mtungi wima, mbali na moto wa kuni au makaa. Funga valvu kila umalizapo kupika. Mpira ukipasuka, nunua mwingine; usiufunge kwa kitambaa.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Funga valvu kama waweza, fungua mlango na madirisha, toa watoto nje. Simu ipigie huko nje. Mtoto akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usimpake dawa ya meno wala mafuta.

Msikilizaji, kuuliza si ukorofi. Ni kumlinda mtoto. Kwa leo tukomee hapo.