Maneno ya Mvua kwa Mkulima wa Mahindi
Hotuba kwa wakulima wa Sibwesa



Leo sisemi juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya maneno, kwa sababu neno la redioni ukilielewa vibaya laweza kukupotezea mbegu yote.

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa mvua. Utasikia vuli, masika na msimu. Vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, ni mvua za nchi zinazopata mvua mara mbili kwa mwaka, kama vile pwani. Sisi wa Katavi, pamoja na jirani zetu wa Rukwa, Kigoma na Tabora, tuna mvua moja tu, yaani msimu, Novemba mpaka Aprili. Basi mtangazaji akisema vuli zimeanza, usikimbilie jembe. Hizo si zako.

Neno wastani nalo huwadanganya wengi. Wastani hupatikana kwa kujumlisha mvua za miaka mingi, kwa desturi 30, na kugawanya kwa hesabu ya miaka hiyo. Haina maana kwamba mvua itanyesha kila juma. Ikishuka milimita 60 siku moja, halafu jua likawaka majuma matatu, hesabu ya mwezi yaweza kuonekana nzuri, kumbe mahindi machanga yamekauka. Kwa hiyo sikiliza sana neno mtawanyiko, na maneno "vipindi virefu vya ukavu".

Milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Katika eka moja ni lita 4,000 na kidogo. Waweza kuipima mwenyewe. Chukua kopo lenye upana mmoja juu na chini, ulifunge juu ya nguzo mahali peupe, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa 3 asubuhi tumbukiza rula, andika, kisha mwaga maji. Rula nyingi zina kipande kitupu kabla ya sifuri. Kikate, ama sivyo utajipunja mvua.

Sasa rasharasha za kwanza. Hunyesha siku mbili, vumbi hutulia, jirani hupanda, nawe waona haya kubaki nyuma. Ngoja. Fukua udongo kwa jembe. Ukikuta ukavu chini ya vidole vitatu, rudisha mbegu ndani. Ukikuta unyevu umeshuka shubiri nzima, na kopo laonyesha kwamba mvua imerudi tena na tena, panda mara moja: sentimita 75 kati ya mistari, 30 kati ya mashimo, punje moja kila shimo. Wala usingoje mpaka Januari, maana anayechelewa naye hukatikiwa na mvua mahindi yakiwa bado yanajaza punje.

Daftari la kopo litunzeni. Nitakapopita tena mashambani nitaomba kuliona.