Saa moja ya angani



Hapa kwetu Magomeni, nasema Magomeni ya Mtwara, maana barua zetu zimekwisha kupotelea katika ile ya Dar es Salaam, ukimwuliza mtu Dar ni mbali kiasi gani hakutajii kilometa. Naye atakuuliza: kwa ndege au kwa basi? Masika au kiangazi?

Ukinyoosha uzi juu ya ramani toka Mtwara hadi Dar, ni kilometa 400 hivi, na ndege huzimaliza kwa kama saa moja. Barabara ya Lindi, Nangurukuru na Kibiti ni kilometa zipatazo 560. Wenye umri wangu wanakikumbuka kivuko cha Ndundu. Rufiji ikifurika, mabasi yalilala ukingoni na abiria wakipika uji kando ya njia. Daraja la Mkapa, lenye mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003, tulisema umbali umekwisha.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei, 2024, kimbunga Hidaya kilileta mvua pwani yetu, na maji yakaikata barabara huko Somanga, wilayani Kilwa. Jumatatu yake mjomba wangu akafariki dunia. Mwanawe wa pekee alikuwa Dubai, kibaruani.

Kijana akapata tiketi ya kesho yake. Kuondoka Dubai saa nne asubuhi, kufika Dar saa nane na nusu mchana. Jirani mmoja akahesabu kwa vidole: saa nne na nusu! Nikamweleza kwamba saa ya Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo angani ni saa tano na nusu, kwa karibu kilometa 4,000. Wazee wakakubali mazishi yangoje mpaka alasiri ya Jumanne. Kwetu maiti hangojwi hivyo, lakini walimhurumia.

Saa tisa kasorobo simu ikalia. "Kaka, nimeshuka Dar. Ningojeni, imebaki saa moja tu."

Hiyo saa moja haikupatikana. Wote waliokosa basi walikuwa wamekimbilia ndege, na nafasi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya Ijumaa. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia tusingeweza kungoja. Alinyamaza, kisha akaomba nisikate simu wakati wa kuswalia jeneza. Sikuikata mpaka salio likaisha.

Najua mvua haipigwi marufuku. Lakini miaka ya 1990 tulisafiri kwa meli kati ya Dar na Mtwara, tukitapika njia nzima, ni kweli, ila tulifika. Bandari yetu ina kina cha kupokea meli kubwa, na korosho hupakiwa hapo. Barabara ya pwani inapokatika, meli moja ya abiria ya dharura si anasa. Wenye mamlaka wanaosema Mtwara ni saa moja kutoka Dar, waseme pia saa hiyo ni ya nani.

Kijana alifika Ijumaa, tunaanua matanga. Nilimpeleka makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi, naye begani alikuwa na mkoba wake wa safari, hakutaka tumpokee.