Kishiki cha Buga na Jamaa Zake

Leo tutazungumza juu ya mmea ambao Waswahili wa pwani huuita kishiki cha buga. Hutambaa vichakani na kando ya mashamba, na jani lake ni la mviringo.

Tazameni maua yake. Ni madogo mno. Mche mmoja ni wa kiume, mwingine ni wa kike. Basi mkiona mche hauzai kamwe, msiudhani mgonjwa: huenda ni dume. Jike huzaa vitunda vyekundu. Pasueni kimoja. Kokwa lake limepinda kama mwezi mwandamo. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wake.

Ukoo huu umo katika kundi moja na mmea wa afyuni. Ni kundi la kale: huko China yamepatikana mabaki yake yaliyogeuka jiwe, yenye umri wa miaka zaidi ya milioni 120.

Huko Amerika ya Kusini, wenyeji wa misituni walipika sumu ya mishale kwa mmea wa ukoo huu huu. Sumu hiyo hulegeza misuli hata mnyama ashindwe kupumua. Lakini mwaka 1942 madaktari wa Kanada waliitumia, kwa kipimo, katika kupasua wagonjwa.

Mnaona, ndugu zangu? Dawa na sumu huzaliwa nyumba moja. Kokwa litawaambia ukoo, halitawaambia kipimo. Msichemshe mzizi msioujua.

Kazi ya nyumbani: tafuteni mche dume na mche jike, kisha andikeni sentensi tatu. Kwaherini.