KIPAIMARA SI CHETI CHA KUHITIMU
(Hotuba iliyotolewa Bahi mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)

 

Nimepewa dakika chache niseme juu ya maisha ya Mkristo baada ya Kipaimara. Najua kwamba miongoni mwetu wapo Waanglikana na Waislamu. Nawaomba wanivumilie, mwisho wa habari yangu wataona kwamba nao wamo.

Mimi nilipata Kipaimara mwaka 1976, nikiwa Kidato cha Pili. Askofu wetu wa Dodoma wakati huo alikuwa Mathias Isuja, aliyeliongoza jimbo tangu 1972 hadi 2005. Kaka zetu waliotutangulia walikuwa wametutisha kwamba Askofu humpiga kila mtoto kofi shavuni, apate kuwa askari wa Kristo. Sisi tulingoja kofi hilo kwa hofu, lakini halikuja. Hatukujua kwamba mwaka 1971 Papa Paulo wa Sita alikuwa ametoa taratibu mpya, na kofi halimo tena. Tulipakwa Krisma kwenye paji la uso, na msimamizi wa kila mmoja akaweka mkono wa kuume begani kwa mtoto wake. Naomba mkumbuke mkono huo, maana nitaurudia.

Msimamizi wangu alikuwa mkulima wa mpunga wa hapa Bahi, aliyekuwa pia katekista. Miezi mingi alitufundisha vipaji saba vya Roho Mtakatifu: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Tulivijua kwa kichwa kama tulivyojua jedwali la kuzidisha. Siku ya sherehe tulikula pilau, tukapiga picha, na moyoni nikasema: sasa nimemaliza dini. Ndugu zangu, hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo naliona hata leo. Kijana anahudhuria mafundisho bila kukosa, anapata Kipaimara, na Jumapili ya pili humwoni tena kanisani. Amepokea sakramenti kama mtu anayepokea cheti, akaifungia sandukuni.

Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1978, nikapata kazi ya karani wa mizani katika kituo kimoja cha kununulia mpunga. Wenyeji mnajua jinsi mpunga wa mbuga ya Bahi unavyopatikana. Mvua zikiwa nzuri, mto Bubu huleta maji mbugani na watu hulima matopeni hadi magotini; mvua zikikosa, jasho la mwaka mzima hupotea. Mpunga wa namna hiyo ndio niliopewa kuupima.

Mkubwa wangu alinifundisha kazi kwa siku moja. Kila gunia, alisema, lisomwe pungufu kilo mbili. Kilo hizo zikikusanywa jioni zinakuwa magunia, na magunia hayo yana wenyewe. Tulikuwa makarani wawili. Mwenzangu, Mwislamu tuliyesoma naye, alisikiliza maneno hayo, akasema yeye hawezi kwa sababu atakuja kuulizwa. Baada ya wiki mbili aliondoka, akaenda kutafuta kazi kwingine. Mimi niliyepakwa Krisma nilibaki, nikajifunza kusoma pungufu bila hata kupepesa macho.

Siku moja alifika msimamizi wangu na magunia manne. Nyuma yake palikuwa na foleni, na mkubwa wangu alikuwa amesimama kando. Nikapima gunia la kwanza, nikasoma pungufu. Mzee alikuwa ameujaza mpunga ule kwa debe kwa mikono yake mwenyewe, na alijua vizuri kilichomo. Hakugomba. Alikuja nyuma yangu, akaweka mkono wa kuume begani kwangu, kama siku ile mbele ya Askofu, akasema, “Andika, mwanangu.”

Nikaandika. Magunia yote manne niliyaandika pungufu, na mkono ule u begani kwangu.

Ningependa kuwaambieni kwamba siku hiyo hiyo nilitubu. Sikutubu. Niliendelea misimu mingine miwili. Mwaka 1983 Serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, mizani yetu ilinyooka ghafla. Hofu ilipopungua, ikapinda tena. Hapo ndipo nilipoelewa kipaji cha saba. Mwenye kumwogopa askari huwa mwaminifu askari akiwapo. Mchaji wa Mungu hupima sawasawa hata akiwa peke yake ghalani usiku.

Mwaka 1984 niliacha kazi ile nikaenda kuungama. Padre aliniambia jambo ambalo wengi hatupendi kulisikia: mwizi hasamehewi kwa machozi tu, yampasa kurudisha. Wanaojulikana warudishiwe wao. Wasiojulikana, haki yao wapewe maskini. Nilichukua miaka mitatu kurudisha. Nyumba ya kwanza niliyoifikia na debe la mpunga ilikuwa ya msimamizi wangu. Alilipokea, akaniambia, “Nilikuwa nakungoja, Baba.” Akamwita mkewe atupikie ugali na mlenda, tukala sahani moja.

Sasa, vijana, msidhani haya ni ya wazee peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, unafundisha kwamba aliyepata Kipaimara anawajibika zaidi kuieneza na kuilinda imani kwa maneno na kwa matendo. Kule Kongo alikuwako kijana mmoja, Isidore Bakanja, msaidizi wa waashi. Alipata Ubatizo na Kipaimara mwaka 1906. Alifanya kazi katika shamba la wakoloni ambako hapakuwa na padre, akawafundisha wenzake sala, akavaa skapulari yake shingoni. Mwaka 1909 alipigwa viboko vikali kwa ajili hiyo, akafa kwa vidonda tarehe 15 Agosti, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994. Alikuwa kibarua tu, na Kipaimara chake kilionekana kazini.

Ninyi nanyi mnayo mizani yenu. Chumba cha mtihani ni mizani. Fedha ya ada uliyopewa na mama aliyeuza kuku ni mizani. Simu mkononi, usiku, pasipo mtu wa kukuona, ni mizani.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Vijana, jiungeni na jumuiya ndogo ndogo mlipo, zile ambazo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, mwaka ule ule wa Kipaimara changu. Mtu peke yake huanguka upesi. Mimi nilianguka kwa sababu nilikuwa nimejitenga. Nanyi wenzangu wa zamani, wengi wenu ni wasimamizi wa watoto ambao hata majina yao mmekwisha kuyasahau. Kabla ya mwezi kwisha, mtafuteni kila mmoja mtoto wake, mkamwulize anaendeleaje.

Mzee wangu amekwisha kulala mavumbini, hapa hapa Bahi. Lakini kila ninapotia sahihi karatasi yoyote, mkono wake bado nausikia begani.